Kiwanja kilichojaa risasi ya betri: kaunti wanasema ni cha serikali kuu, serikali kuu wanasema ni cha kaunti. Nani asafishe?

MkaziWaBara ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaishi upande wa bara wa Mombasa, katika mtaa ambao sioni haja ya kuutaja jina, nyuma ya kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Kwa miaka kadhaa kiwanja hicho kilikuwa mahali pa kuvunjia betri kuukuu za magari na kuyeyushia risasi iliyomo ndani yake. Mwenye kazi ile alihamisha mitambo yake bila kuaga mtu, akatuachia marundo ya majivu meusi, maganda ya betri, na mtaro ambao masika yakianza huchuruzika hadi kwenye uwanja wanakochezea watoto wetu. Geti liling'olewa likauzwa kama chuma chakavu. Sasa mbuzi wanaingia, watoto wanaingia, na vijana wanachimba humo wakitafuta vipande vya kupeleka kwa wanunuzi.

Tumekwenda ofisi moja ya kaunti, tukaambiwa kwamba mambo ya viwanda na kemikali yako chini ya serikali kuu. Tukaenda ofisi moja ya serikali kuu, tukaambiwa kwamba taka ni jukumu lililogatuliwa, turudi kwa kaunti. Mwanasiasa mmoja wa eneo letu alikuja na mpiga picha, akasimama juu ya rundo la majivu akalaani, akaondoka, na tangu siku hiyo simu yake haishikwi. Kinachonisumbua si kwamba wote wamekataa, kwa sababu hakuna aliyekataa waziwazi. Kila mmoja amekubali kwamba hali ni mbaya, kisha akamwelekezea mwenzake kidole.

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, kisheria ni nani hasa anayepaswa kusafisha ardhi kama hii ikiwa aliyeichafua hayupo tena? Pili, uamuzi wa kesi ya Owino Uhuru, ule mtaa wa Mikindani uliochafuliwa na kiwanda cha betri, unatusaidia kwa vipi sisi ambao hatukuwa miongoni mwa walalamishi?

---

WakiliWaTudor amejibu:

Ndugu, hao waliokurusha huku na huku kila mmoja alikuambia nusu ya ukweli, na ile nusu aliyoificha ndiyo inayomhusu yeye. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali kuu ulinzi wa mazingira na maliasili, na linazipa kaunti uondoaji wa taka, majaa, udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero nyinginezo za umma. Udongo uliojaa risasi haukutajwa kwa jina upande wowote. Hata hivyo Kifungu cha 6 na cha 189 vinazitaka serikali hizi mbili zishauriane na zishirikiane, na Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012 inaziruhusu kuunda kamati ya pamoja kwa jambo mahsusi. Kwa hiyo "si kazi yetu" ni jibu la afisa, wala si jibu la sheria. Afisa anayeona kwamba kazi ni ya mwenzake anapaswa kumwandikia mwenzake huyo na kukupa nakala, badala ya kukupa nauli ya miguu.

Kuhusu kusafisha kwenyewe, fungua Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kifungu cha 108 kinaipa NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya urejeshaji wa mazingira, yaani kumwagiza mhusika airudishe ardhi karibu na hali iliyokuwa nayo kabla ya kuharibiwa. Asipotii, mamlaka yenyewe inaweza kuingia na kuifanya kazi hiyo, kisha ikamdai gharama. Na kwa hali kama yako, ambapo mchafuzi ametoweka, kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, ambao shabaha yake ni kusaidia pale mharibifu asipojulikana au hali ya kipekee inapoilazimu mamlaka kuingilia kati. Wananchi wengi hawajapata kuusikia, na kwa uzoefu wangu baadhi ya maafisa nao hushtuka ukiutaja.

Sasa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale Mikindani mwaka 2007 na kikafungwa kabisa mwaka 2014. Phyllis Omido, ambaye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mwanawe akaathiriwa na risasi, aliongoza mapambano kupitia shirika alilolianzisha. Kesi iliwasilishwa mwaka 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, na uamuzi ukasomwa Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi, na amri ya kusafisha udongo, maji na taka za kiwanda ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 ili shirika lile lisimamie usafishaji. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wa kuchukua kitambulisho, au karibu yake, neno la mwisho lilipotamkwa.

Jambo la kukufaa katika uamuzi huo ni mgawanyo wa lawama. Mahakama haikumtazama mwenye kiwanda peke yake. Ilizibebesha taasisi za umma zilizotoa leseni na kushindwa kusimamia, NEMA ikachukua sehemu kubwa kuliko wengine, na kampuni iliyomiliki ardhi nayo ikaguswa. Huhitaji kuwa mlalamishi wa kesi ile ili uitegemee hoja hiyo. Tena Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki mtu athibitishe kwamba yeye binafsi ameumia kabla ya kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi.

Ila nisikudanganye. Ukiishinda serikali mahakamani huwezi kutuma madalali wakachukue magari yake, maana Sheria ya Kesi za Serikali hairuhusu mali yake kukamatwa. Unapata cheti cha amri, unakipeleka kwa afisa anayeidhinisha malipo, na akikaa kimya unarudi mahakamani kuomba alazimishwe. Fedha hutoka pale tu zinapokuwa zimetengwa katika bajeti ya mtu fulani.

---

MuuguziMstaafu amejibu:

Wakili ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa afya kwa sababu ninaona hatari ya watu kuanza na mwisho. Mtaani kwenu atatokea mtu mwenye nia njema atakayeleta kambi ya matibabu ya siku moja, watoto wapimwe, wapewe vidonge, picha zipigwe. Risasi haioti wala haiozi. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, huingia nyumbani kwa miguu na kwa upepo, hutua juu ya mabati na kuteremka na maji ya mvua hadi kwenye pipa, kisha humfikia mtoto kwa kidole anachokitia mdomoni. Ukimtibu mtoto ukamrudisha kwenye ua uleule, umempa nafasi ya kuanza upya kula sumu. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama, na akili ya mtoto mdogo ikishadhurika haitengenezwi kwa dawa.

Mfano ninaoupenda, ingawa ni wa msiba, ni ule wa jimbo la Zamfara nchini Nigeria. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watoto walikuwa wakifa kwa mamia katika vijiji ambavyo watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi; waliofariki walizidi 400. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa, lakini walisisitiza kwamba matibabu hayana maana kwa mtoto anayerudi kwenye nyumba ambayo haijasafishwa. Basi kazi ikapangwa kwa zamu: serikali ya jimbo na serikali za mitaa zilitoa wafanyakazi na vifaa, wataalamu wa nje wakafundisha na kupima, wanakijiji wakalipwa kuukwangua udongo wa juu ua kwa ua, udongo huo ukazikwa mahali maalumu na mwingine safi ukaletwa. Ua likipimwa likaonekana safi, ndipo watoto wake wanaanza dawa.

Vijiji saba vilisafishwa kwa utaratibu huo. Cha nane, Bagega, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kilisubiri hadi mwaka 2013. Ujuzi ulikuwepo na mikono iliyokwisha kuzoea kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni naira milioni 850 ambazo serikali ya shirikisho iliahidi mwaka 2012 na ambazo hazikutoka hadi Januari iliyofuata. Watoto wa Bagega waliisubiri saini.

Kwa hiyo, Ndugu Mkazi, mkifanikiwa kumpata mpimaji, hakikisheni yafuatayo. Damu ichukuliwe kwenye mshipa, au mkono usafishwe kwa sabuni kwa uangalifu mkubwa kabla ya kutobolewa kidole, kwa sababu vumbi lililo kwenye ngozi hutosha kuharibu majibu. Udongo uchukuliwe wa juujuu, si wa kuchimbwa shimo la futi mbili, maana anayetaka matokeo mazuri ya uongo huchimba kina. Majibu yaandikwe na yabaki mikononi mwenu, siyo katika faili ya ofisi peke yake. Na wakati mnasubiri, mwagieni maji sakafuni kabla ya kufagia, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapate vyakula vyenye madini ya chuma na chokaa, kama dagaa na mboga za majani, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa madini hayo huinyonya risasi kwa wingi zaidi.

---

Mwanamakupa amejibu:

Mimi nitauliza tu: mnakumbuka Kibarani? Jaa lile lilifuka moshi kando ya bahari kwa miaka na mikaka, na malalamiko hayakukosekana. Lilifungwa mwaka 2018, likafunikwa udongo, likapandwa miti na nyasi, na taka zikaelekezwa Mwakirunge. Nilifurahi kama wengine, maana hewa ya Makupa ilikuwa haivutiki. Lakini Kibarani iko kwenye barabara inayopitwa na kila kiongozi anayetoka uwanja wa ndege kuingia kisiwani. Kiwanja cha Ndugu Mkazi kiko nyuma ya ukuta wa mawe. Siasa ya usafi huku kwetu inaanzia kwenye dirisha la gari.

Tena kufunika si kusafisha. Mkiletewa tingatinga na lori nne za kifusi, ulizeni kilichoko chini kinaenda wapi mvua ikinyesha. Ulizeni pia udongo ukiondolewa unapelekwa kwa nani, kwa sababu watu wa Mwakirunge nao ni watu.

---

MlipaKodiMikindani amejibu:

Nimehudhuria vikao vya bajeti vya wadi kwa miaka kadhaa, na ninataka kulishika lile neno la mwisho la Wakili kuhusu fedha zilizotengwa, kwa kuwa ndilo fundo lenyewe. Serikali mbili zinaweza kuandikiana barua za upole za ushirikiano hadi tukazikwa, na kila moja ikawa na haki ya kusema kwamba haina fungu la kazi hiyo. Ushirikiano usio na fungu la bajeti ni mazungumzo ya barazani.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini anayefika kuomba mwezi Juni amechelewa kwa karibu mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Kitu ambacho hakimo katika mpango wa Septemba huingizwa kwa shida sana Aprili. Nimewaona wananchi wakipiga kelele Juni mbele ya wakubwa ambao walikuwa wanaitikia kwa vichwa huku wakijua kwamba kapu limeshafungwa. Ombeni mambo madogo yenye bei: upimaji wa udongo, uzio, kibao cha tahadhari kwa Kiswahili, mtaro wa kugeuza maji. Kaunti haiwezi kukana kwamba uzio na mtaro viko ndani ya uwezo wake. Usafishaji mkubwa uachwe katika ombi la serikali kuu na lile la mfuko alioutaja Wakili, na barua zote mbili zitajane, ili kila ofisi ione kwamba mwenzake anajua ameombwa nini.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni ardhi. Wengi wetu upande huu tuna nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni vyetu, udongo ni wa mtu mwingine ambaye tunamlipa kodi ya kiwanja, na wengine wetu hatujapata kumwona kwa macho. Mimi ni mmoja wao. Sasa fikirieni: serikali ikitangaza rasmi kwamba udongo una sumu, mwenye ardhi anaweza kufurahi kuliko sisi, kwa sababu amepata sababu nzuri ya kutuondoa, na udongo ukisafishwa kwa fedha za umma, thamani inayopanda ni ya hati yake, si ya mabati yangu. Ndiyo maana majirani wengine hunyamaza, na anayewaona wajinga hajalipa kodi ya kiwanja. Nashauri kila barua iseme waziwazi kwamba wakazi wanaomba kusafishiwa mahali wanapoishi bila kuhamishwa, na kwamba wakilazimika kupisha kazi kwa muda, kuwepo maandishi ya kurudi.

---

WakiliWaTudor ameongeza:

Hoja ya Mlipa Kodi ina uzito, na inageuka kuwa silaha ukiishika vizuri. Nendeni kwenye ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi wa hati ya kile kiwanja. Mkishalijua jina la mwenye hati, mchafuzi aliyetoweka anakuwa na mwenzake ambaye hajatoweka, kwa kuwa mwenye ardhi aliyeruhusu shughuli ile hawezi kujitenga nayo kirahisi. Hapo ndipo mfano wa Owino Uhuru unapowafaa.

Barua ya pili iwe ya kuomba taarifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ombeni leseni iliyotolewa, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na taarifa za ukaguzi wa kila mwaka. Mkijibiwa, mtaona ni nani aliyeweka saini. Mkiambiwa kwamba hakuna nyaraka, mtakuwa na maandishi ya ofisi yanayokiri kwamba kazi ile iliendeshwa miaka yote bila kukaguliwa. Wakikaa kimya, mlalamike kwa Tume ya Haki ya Utawala. Msiende tena ofisini kuzungumza kwa mdomo. Jibu la mdomo halina tarehe.

---

MkaziWaBara amerudi:

Ninawashukuru sana, na hasa Mama Muuguzi, kwa sababu kambi ya matibabu ilikuwa imeshapendekezwa na tulikuwa tunakaribia kuikubali kwa shangwe. Jana jioni tulikutana watu kumi na mmoja chini ya mwembe wa mzee wetu wa mtaa, tukakubaliana kuhusu barua tatu: moja kwa kaunti, ya uzio, kibao, mtaro na upimaji, moja kwa mamlaka ya mazingira, ya amri ya urejeshaji na ule mfuko, na moja ya kuomba nyaraka. Zile mbili za kwanza zinatajana kama alivyoshauri Mlipa Kodi. Maneno ya kutohamishwa tumeyaweka katika aya ya kwanza ya kila barua, baada ya wawili kusema kwamba bila hayo hawatii saini.

Limebaki tatizo moja. Mwenye duka la kona, ambaye ndiye anayejulikana kuliko sisi sote na ambaye watoto wake wawili huchezea uwanja ule, anataka kujua kwanza kama jina lake litasomwa na mwenye kiwanja, maana duka lake nalo limo katika hati hiyohiyo.

---

WakiliWaTudor amejibu:

Litasomwa, usimfiche hilo. Lakini barua hazihitaji saini yake ili ziwe halali. Mtu mmoja anatosha, na hata shirika linaweza kuomba kwa niaba yenu. Mwambieni atoe kitu kisicho na jina: aandike katika daftari tarehe za mvua kubwa na mahali maji ya ule mtaro yanapofika. Nitalihitaji daftari hilo.